Stadi Ishirini na Nne

Nati inashika mizunguko mitatu tu.
Nimehesabu kwa spana, nimehesabu kwa vidole,
nimehesabu macho yamefumbwa:
moja, mbili, tatu, kisha chuma kinakwisha
na nati inalegalega kama jino la mtoto.

Kosa ni la tairi. Ni pana mno. Nilizipata kwa bei ya bure
kwa Mjerumani aliyechoshwa na milima yetu,
zikawa zinasugua mkono wa usukani kila kona.
Nikaweka spesa, milimita nane za alumini,
na spesa ikala urefu wa stadi.
Ukiwa huna, ndivyo kiraka kinavyokwenda:
ukiziba hapa panafumuka pale.

Stadi. Jina la fundi aliyebobea,
wamepewa vijiti vya chuma
visivyojua lolote ila kushika.

Jumberi alipiga simu kutoka Gdansk.
"Usipande Ushguli na mizunguko mitatu."
Najua.
"Ketino, usipande."
Nikamwambia watalii wanne wameshalipa nusu.
Tukanyamaza. Salio lake likaisha katikati ya kunyamaza.

Zugdidi, duka lenye vioo: stadi moja lari kumi na nane.
Magurudumu manne, kila moja sita.
Sikuhitaji kalamu, wala muuzaji hakuihitaji,
alisharudisha boksi kwenye rafu kabla sijashusha pumzi.

Rustavi walikuwa nazo, fupi.
Samtredia walikuwa nazo, ndefu, ila shingo nene,
haziingii kwenye habu bila kuchongwa,
na mchongaji naye ana watoto.

Kutaisi, uani kwa Valiko,
akanionyesha kwa kidevu:
habu za lori dogo la Kijapani, chini ya behewa bovu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi niliinama, nikatambaa, nikalala chali
kwenye theluji iliyokwisha kuwa tope,
kipimo mkononi, tochi mdomoni.
Unene wa shingo, sawa.
Hesi, sawa.
Urefu: milimita kumi na mbili za ziada.
Nikapima tena, maana furaha nayo hudanganya.

Alizigonga kwa nyundo zikatoka moja moja.
"Chuma ni chuma," akasema, "nauza kwa kilo,"
akaleta mizani ya mkewe ya kupimia jibini,
na mke akatoka jikoni mikono ina unga,
akamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.
Lari ishirini na nane. Zote.

Zote, yaani ishirini na tatu.
Ya mwisho ilikatika kichwa, ikaruka hadi kwa kuku.

Nikarudi Zugdidi, duka lenye vioo.
"Moja?"
Moja.
"Moja ya kufanyia nini?"
Nikamhesabia lari kumi na nane, nyingi sarafu,
akaifunga kwenye karatasi laini kama anayefunga pete.

Usiku nikazivuta ndani ya habu kwa washa na nati kuukuu,
bomba refu juu ya spana, uzito wangu wote juu ya bomba.
Kila moja ililia kidogo, *kwii*, ikakaa.
Jirani akagonga ukuta mara mbili.
Nikafunga magurudumu na kuhesabu:
tatu, nne, saba,
kumi na moja.
Nikaketi sakafuni, miguu imenyooka mbele,
nikala mkate mkavu uliokuwa mfukoni tangu Samtredia.

Asubuhi tunapanda. Mto Enguri uko chini kabisa,
mwembamba kama uzi uliodondoka.
Mtalii wa kiti cha mbele anauliza
kwa nini nimefungua dirisha kwenye baridi hii.
Nasikiliza, namwambia.
Gurudumu la nyuma, kushoto, lina tano zenye kutu
na moja inayong'aa.
Inashika kama wenzake.
Haijui bei yake.